Aliungua Mkono Hakulia: Je, Mtoto Mwenye Usonji Hasikii Maumivu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua, Moshi. Mwanangu wa pili ana miaka saba, ana usonji, na haongei zaidi ya maneno machache anayoyarudiarudia. Mwezi uliopita alishika sufuria ya moto jikoni, kiganja kikatoka malengelenge, lakini hakulia wala hakunifuata. Niliona jioni wakati namwogesha. Bibi yake anasema watoto hawa Mungu amewaondolea maumivu. Sasa ni wiki ya pili anaamka usiku na kujipiga ngumi shavuni, na mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu shuleni anasema amekuwa mkorofi, anang'ata wenzake. Nitajuaje kama anaumwa wakati hasemi? Na nimpeleke wapi?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa kukesha.

Nianze na la haraka. Mwanao anasikia maumivu. Mtoto aliyekuwa akilala vizuri, kisha ghafla akaanza kuamka usiku na kujipiga shavu, kwangu mimi huyo ni mgonjwa mpaka achunguzwe na kuonekana hana kitu. Mpeleke wiki hii akaangaliwe meno na masikio. Mengine nitakayoandika unaweza kuyasoma taratibu akishalala, lakini hilo lisisubiri.

Anayosema bibi yake si ya bibi peke yake, kwa hiyo usimlaumu. Hata madaktari wameyabeba kwa miaka mingi. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na ukuaji, toleo la mwaka 2013, bado unataja hali ya kuonekana kutojali maumivu au joto kama mojawapo ya dalili za usonji. Hicho ni kile kinachoonekana kwa nje. Watafiti walipotafuta kinachotokea ndani, walikuta mambo mengine kabisa. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwaangalia watoto wenye usonji wakati wa kutolewa damu. Nyuso za watoto hao zilionyesha maumivu waziwazi sindano ilipoingia, ila makadirio ya wazazi hayakulingana na kilichosomeka usoni. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa nao walifuatilia utoaji wa damu. Kwa vitendo, watoto wengi wenye usonji walionekana watulivu kuliko wenzao, lakini mioyo yao ilidunda kwa kasi zaidi, na kemikali ambayo mwili huitoa ukiwa kwenye maumivu na msongo ilikuwa juu katika damu yao. Na mwaka 2023, huko Israel, watu wazima wenye usonji wanaoweza kujieleza walipimwa kwa joto na vichocheo vingine. Ilionekana wanaumia zaidi kuliko watu wengine, na uwezo wa mwili wao wa kuyatuliza maumivu yanayoendelea ulikuwa hafifu.

Wapo wachache ambao kweli maumivu yao yako chini, kwa mfano wenye hali ya vinasaba iitwayo Phelan-McDermid, ambayo mara nyingi huambatana na usonji. Ni nadra. Asikuambie mtu kuwa mwanao yuko kundi hilo kwa sababu tu hakulia.

Basi kwa nini hakulia? Sisi tunaona kilio kama kitu kinachotoka chenyewe, kumbe sehemu kubwa ya kulia ni kumwambia mtu. Mtoto akianguka, kwanza huangalia kama mama yupo, ndipo hulia. Usonji unagusa hasa hapo, kwenye kumtafuta mtu mwingine na kumshirikisha kilichokupata. Mwanao aliungua, lakini njia ya kutoka kwenye kile kiganja mpaka kwako haikuwa wazi kwake. Tena wengi wao hupata shida kusoma habari za ndani ya mwili. Hawatofautishi vizuri njaa, kubanwa na haja na kuumwa tumbo, na hawajui linatokea wapi. Wengine huchelewa: kidole kinabanwa mlangoni asubuhi, vurugu zinakuja jioni, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Na wapo waliokwisha kujifunza kwamba ukilia unashikwa na watu wanne na kuchomwa sindano, kwa hiyo huificha sehemu inayouma.

Ndiyo maana mtoto mmoja anaweza kupiga mayowe ukimkata kucha au ukimchana nywele, halafu akatembelea mguu uliovunjika. Watu wakiona hivyo husema anadeka. Hadeki.

Sikiliza pia yale maneno machache anayoyarudia. Watoto wengi wenye usonji hutumia sentensi nzima waliyoisikia siku ya tukio fulani. Ukimsikia usiku anasema "pole, pole baba", huenda anakuambia ameumia, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoyasikia alipoanguka. Akisema "daktari atakuchoma" bila daktari kuwepo, jiulize mara ya mwisho aliyasikia wapi na siku hiyo alikuwa anaumwa nini. Mengine yatakuwa marudio tu ya kujiliwaza, lakini yale yanayokuja pamoja na usiku mbaya yaandike.

Turudi kwenye shavu. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba mguso na mkandamizo huweza kupunguza ujumbe wa maumivu unaofika kwenye ubongo, na ndiyo sababu ukigonga kiwiko mkono wako wa pili unakwenda wenyewe kukisugua. Mtoto asiye na maneno anaweza kufanya hivyo kwa nguvu zaidi: anapiga, anakandamiza kwenye ukingo wa kitanda, anang'ata chochote kilicho karibu, pamoja na mkono wa jirani yake darasani. Kwa hiyo naangalia anapopiga. Anayejipiga shavu au taya, nawaza jino. Anayejipiga sikio au kutikisa kichwa upande mmoja, nawaza sikio. Anayegongesha paji la uso ukutani anaweza kuwa na kichwa kinachouma au mafua yaliyoziba. Si kanuni, maana jino na sikio viko jirani na hata mtu mzima huvichanganya, lakini ni pa kuanzia.

Kwa umri wake meno yanahusika mara mbili. Kuanzia miaka sita hivi meno ya utotoni huanza kung'oka mbele, huku magego ya kwanza ya ukubwani yakichomoza nyuma kabisa, ambako mama haoni bila tochi. Angalia anavyokula. Kama alikuwa anakula makande bila shida na sasa anayasukuma, lakini mtori anaumaliza, hajaanza ubishi wa chakula: kutafuna kunamuuma. Angalia anatafunia upande gani, kama anakataa maji baridi ya asubuhi, kama anatoa mate mengi kuliko kawaida, kama kupiga mswaki kumegeuka vita upande mmoja wa mdomo.

Hapa kwetu kuna jambo moja la kuongeza. Maji ya sehemu nyingi za kuzunguka Meru na Kilimanjaro yana madini ya floraidi kwa asili, na kwa hiyo meno ya kahawia tumeyazoea, hasa upande wa Arumeru na Maji ya Chai. Madoa hayo kwa kawaida hayaumi. Tatizo ni kwamba kwa sababu tumeyazoea, mtu akifungua mdomo wa mtoto na kuona kahawia anasema "ni maji tu" na kuufunga, huku nyuma kuna jino limetoboka. Omba waangalie moja moja. Na kama mnatoka au mmewahi kuishi kwenye maji yenye floraidi nyingi, zaidi ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mtaje hilo, hasa kama mtoto ameanza pia kukataa kutembea mwendo mrefu au miguu inapinda. Floraidi nyingi kwa miaka huingia kwenye mifupa, na mifupa hiyo huuma.

Sikio nalo: alipata mafua au kikohozi wiki za karibuni? Kuna harufu au majimaji kwenye mto asubuhi? Anakataa kulalia upande mmoja? Maumivu ya sikio huzidi akilala, na hiyo inaweza kueleza kwa nini mchana anaonekana afadhali.

Hata kama meno na masikio yatakuwa safi, usirudi nyumbani bila tumbo kushikwa. Choo kigumu ndicho chanzo cha maumivu kinachosahaulika kuliko vyote kwa watoto hawa, kwa sababu wengi hula vyakula vichache vilevile, hawanywi maji ya kutosha, na huogopa choo cha shule. Mtoto huyu utamkuta ameegemea tumbo kwenye kona ya meza au mkono wa kochi, au anatembea kwa vidole na kubana makalio. Anaweza kukaa siku nyingi, kisha akaanza kuchafua chupi kwa choo chepesi. Watu humpa dawa ya kuharisha, na hapo wanamzidishia, kwa sababu choo chepesi kinapita pembeni ya kile kigumu kilichoziba. Kiungulia nacho humwamsha usiku. Anajikunja kwa nyuma, anakunja shingo, anakataa kulala chali, mdomo unanuka uchachu. Kama ana tabia ya kula udongo, karatasi au vitu vidogo, mwambie daktari bila aibu, maana hilo linabadilisha uchunguzi.

Uliuliza utajuaje. Utajua kwa kumlinganisha na yeye mwenyewe. Mtoto mwingine akikunja uso tunasema anaumwa, lakini wa kwako labda hukunja uso kila siku akiona mwanga wa jua. Wapo wanaocheka wakiumwa. Wapo wanaonyamaza na kukaa kama wamezimika, na hawa ndio wanaonitisha zaidi, kwa kuwa nyumba nzima inafurahi kwamba leo ametulia. Lynn Breau na wenzake huko Kanada walichapisha mwaka 2002 orodha ya vipengele 30 vya kupima maumivu kwa watoto wasioweza kujieleza. Mtu anamwangalia mtoto kwa saa mbili, anaweka alama kuanzia 0 hadi 3 kwa sauti anazotoa, uso, ulaji na usingizi, kushirikiana na watu, utembeaji, namna anavyoshika viungo vyake, na mambo kama jasho, kutetemeka au kubadilika rangi. Jumla ya alama 7 au zaidi inaashiria maumivu. Mimi napenda wazo lililo ndani yake: mambo mengi madogo yanahesabika kwa pamoja, hakuna moja linalosubiriwa liwe kubwa.

Wewe chukua daftari la kawaida. Kurasa mbili za mwanzo andika kawaida yake akiwa mzima: analala saa ngapi, anakula nini na kiasi gani, sauti zake za furaha zikoje, anapenda kuguswa wapi, anakwenda choo mara ngapi kwa wiki. Baada ya hapo andika tofauti tu, na saa yake. Usiku akianza kujipiga, rekodi kwa simu, dakika moja inatosha. Najua moyo wa mama haukubali kushika simu mtoto akiumia, lakini video hiyo itamwambia daktari mambo ambayo mtoto aliyekaa kliniki saa tatu asubuhi hatayaonyesha.

Kuna jambo jingine tunalolitumia sana, nalo ni kumpa dawa ya maumivu kwa kipimo sahihi na kuangalia. Parasetamoli ya maji hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 200 hadi 300. Soma chupa, kwa sababu zinatofautiana. Nyingi zina miligramu 120 katika kijiko cha mililita 5. Dozi zipishane saa nne hadi sita, zisizidi nne ndani ya saa 24, na usimpe aspirini. Kama ndani ya saa moja anatulia, anaacha kujipiga na kulala, umepata ushahidi mzito kwamba ni maumivu, na uuandike. Asipotulia, haina maana kwamba haumwi; tumbo lililoziba halisikilizi parasetamoli. Na akitulia usiendelee kumpa kila usiku ukaridhika. Umetuliza kengele, moto bado upo.

Kuhusu pa kwenda, anzia kituo cha afya kilicho karibu kama kina daktari wa kinywa na meno, la sivyo nenda hospitali ya mkoa, Mawenzi. Fika mapema kabla foleni haijawa ndefu, na kabla ya kuketi mwambie muuguzi: "Mwanangu ana usonji, haongei, hawezi kukaa kwenye kelele, naomba nisubiri nje mniite." Watu wengi huona haya kusema hivyo. Sema. Ukiingia usianze na "ni mkorofi siku hizi", kwa sababu mlango huo ukishafunguliwa kila kitu kitawekwa chini ya usonji, utaandikiwa dawa ya kumtuliza, na hakuna atakayeangalia mdomo wake. Anza na badiliko: "Alikuwa analala, sasa halali. Alikuwa anakula makande, sasa hali. Anapiga shavu la upande huu." Kisha omba waziwazi: masikio yote mawili, koo, meno, tumbo, na wamvue nguo waone mwili mzima. Kama hakubali kabisa kufungua mdomo, uliza kuhusu rufaa ya kwenda KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda hapo Moshi, ambako uchunguzi na matibabu ya meno yanaweza kupangwa chini ya dawa ya usingizi. Ni bora hivyo mara moja kuliko kumshikilia kwa nguvu na kumfanya aogope koti jeupe maisha yake yote.

Dawa za kutuliza tabia zina mahali pake na sizikatai. Nakataa zianze kabla ya tochi.

Akishapona, mfundishe namna ya kusema. Usingoje siku mbaya. Chora mwili wa mtoto kwenye karatasi ngumu, na kadi moja yenye picha inayomaanisha maumivu, ile ile siku zote. Akipata mchubuko mdogo akicheza, mshike mkono, gusa mchubuko, gusa kadi, sema "inauma", halafu mpe msaada papo hapo: maji, plasta, kupulizwa, chochote anachopenda. Hilo la msaada ndilo linalomfundisha kwamba kusema kunalipa. Bibi, baba na ndugu zake watumie neno hilo hilo; kama bibi anaongea naye Kichagga na ninyi Kiswahili, kubalianeni lipi litatumika kwa maumivu. Usimuulize "inauma wapi?" akiwa katikati ya vurugu, hataweza. Gusa sehemu moja moja taratibu na uangalie ni wapi anakunja uso au kusukuma mkono wako. Zile picha za nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia, sizipendi kwa watoto hawa. Wengi huchagua uso wanaoupenda, wala hawajibu swali. Ukikwama, wataalamu wa tiba kwa vitendo hapo KCMC wanaweza kukusaidia kutengeneza kadi zinazomfaa yeye.

Mwalimu wa kitengo mpelekee nakala ya kurasa zako mbili za kawaida yake. Mwombe asimwadhibu kwa kung'ata katika kipindi hiki, na akuandikie kinatokea saa ngapi: baada ya uji, baada ya chakula cha mchana, au muda wowote. Kama ni baada ya kula, tayari amekusaidia kumtafuta adui. Na bibi, ambaye ninaamini anampenda mjukuu wake, mpe kazi. Bibi wengi huona mabadiliko ya ulaji kabla ya mtu yeyote. Maombi yaendelee kama kawaida yenu, na sikio lenye usaha lipate dawa siku hiyo hiyo.

Kile kiganja nacho kionyeshe, hata kama kimeanza kukauka, waone kama vidole vinakunjuka sawasawa. Siku nyingine akiungua, weka chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali wala ute wa yai. Na kwa kuwa hatakuja kukuambia, mwangalie mwili mzima kila jioni ukimwogesha, kichwani, masikioni, kati ya vidole, nyayo. Ndivyo ulivyoliona lile lengelenge.

Kuna hali ambazo hupaswi kusubiri kliniki ya asubuhi. Tumbo limekuwa gumu kama ubao au anatapika kijani. Korodani imevimba au hataki iguswe, maana ikijisokota mna saa sita hivi za kuiokoa. Hakanyagi mguu kabisa. Ana homa na shingo imekakamaa. Amepata degedege. Unashuku amemeza betri bapa ya saa au rimoti, au sumaku. Au ametulia kuliko ulivyowahi kumwona na hafuati vitu anavyovipenda. Hapo usijaribu parasetamoli kwanza. Chukua bodaboda au gari la jirani, beba daftari lako, uende Mawenzi hata kama ni saa nane za usiku.